Mjumbe wa Bodi Asiye na Mshahara: Mbinu za Kukilinda Kituo cha Jamii

Kituo cha jamii huanza kwa furaha. Mzee mmoja anatoa chumba, mwalimu mstaafu anatoa vitabu, kinamama wa kikoba wanatandika mikeka, vijana wanaleta ngoma zao. Siku ya uzinduzi watu saba wanapendekezwa, mikono inanyooshwa, makofi yanapigwa, na saba hao wanaambiwa: ninyi ndio bodi. Mshahara hakuna, ofisi hakuna, na mara nyingi hata maelezo ya kazi hakuna. Mwaka mmoja au miwili baadaye ufunguo umebaki kwa mtu mmoja, daftari la fedha liko nyumbani kwake, na akisafiri kwenda msibani Tanga, kituo kinafungwa mpaka arudi.

Makala hii nimewaandikia hao saba, hasa walioko ukanda wetu wa kuanzia Bunju na Mapinga, kupitia Kerege na Zinga, hadi Mlingotini, Kaole na Bagamoyo mjini. Naamini kazi yote ya mjumbe inapimwa kwa swali moja: nisipokuwepo kesho, je, kituo kitafunguliwa, na atakayeingia ataona kila shilingi ilikokwenda? Hulipwi, lakini wajibu wako ni uleule wa anayelipwa. Mbinu zinazofuata zinakusaidia kulijibu swali hilo bila wasiwasi.

1. Uliza maswali kabla ya kukubali

Watu wengi hukubali ujumbe kwa heshima ya aliyewaomba. Heshima ni nzuri, lakini omba kwanza kuona karatasi tatu: cheti cha usajili, katiba na taarifa ya mwisho ya fedha. Ikikosekana mojawapo, usikimbie. Kubali kwa sharti kwamba kuipata karatasi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya bodi.

Aina ya usajili inaeleza unawajibika kwa nani. Kikundi cha kijamii huandikishwa halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii, na safari yake huanza kwa barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Jumuiya huandikishwa na Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Shirika lisilo la kiserikali huandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na kila mwaka linatakiwa kupeleka taarifa na kulipa ada kwa msajili wake. Vituo vingi huyumba hapa: cheti kimetundikwa ukutani, lakini taarifa za miaka mitatu hazijapelekwa. Mjumbe mpya aulize waziwazi, "Taarifa ya mwaka jana ilipelekwa lini, na nakala iliyogongwa muhuri iko wapi?"

Kisha soma katiba yote, ukiwa na kalamu. Tafuta majibu ya mambo manne: bodi ina wajumbe wangapi, wanakaa miaka mingapi, akidi ya kikao ni watu wangapi, na kituo kikifungwa mali zake zinakwenda wapi. Katiba nyingi zimenakiliwa kutoka kwa kikundi kingine, na majibu hayo ama hayamo au yanapingana.

2. Ardhi na jengo viwe vya taasisi

Kwenye pwani hii hakuna jambo lenye hatari kuliko kiwanja. Tangu makubaliano ya awali ya bandari ya Bagamoyo yatiwe saini mwaka 2013, na jinsi Dar es Salaam inavyozidi kupanuka kuja kaskazini, viwanja vya Mapinga, Kerege na Zinga vimekuwa vikitazamwa kwa macho mengine. Chumba kilichotolewa na mzee kwa neno la mdomo kinaweza kudaiwa na warithi wake siku ya arobaini, nao hawatakuwa na kosa, kwa kuwa hawajawahi kuonyeshwa maandishi.

Kwa hiyo, mtoaji akiwa hai na familia yake ikiwepo, andikeni. Kama ametoa moja kwa moja, hati iseme hivyo. Kama ameazima kwa miaka kadhaa, idadi ya miaka itajwe. Watoto wake wakubwa washuhudie, na serikali ya kijiji au mtaa ishuhudie. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, kumbukeni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Ombeni muhtasari wa mkutano huo na mtunze nakala.

Mali isibaki kwenye jina la mwenyekiti, hata awe mwaminifu namna gani. Njia iliyo imara ni kusajili wadhamini kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Wadhamini waliosajiliwa wanakuwa chombo kimoja kisheria, kinachomiliki mali kwa jina lake. Akifa mmoja, mali haiguswi na mirathi yake. Wadhamini wakibadilika, RITA iarifiwe.

Na kwa wanaotaka kujenga karibu na maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pimeni kabla ya kuchimba msingi.

3. Tenganisha kazi ya bodi na kazi ya msimamizi

Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na vituo vingi vinaenda mrama kwa sababu hiyo hasa. Msimamizi amepanga darasa la kompyuta saa tisa. Mjumbe mmoja anapita na kumwambia awaachie wacheza ngoma chumba. Mjumbe wa pili anampigia simu kumkaripia kwa kuwaachia.

Kubalianeni kwamba bodi inaamua mambo makubwa: mpango wa mwaka, bajeti, ajira ya msimamizi, mikataba, mali. Msimamizi anaamua ya kila siku: ratiba za vyumba, usafi, nani aingie na nani asubiri. Maagizo kwa msimamizi yapitie kwa mwenyekiti peke yake. Mjumbe akiona tatizo kituoni, aliandike na kumfikishia mwenyekiti. Asimgombeze mfanyakazi mbele ya watoto. Anayefundisha jioni kama mwalimu wa kujitolea, ingawa ni mjumbe, kwa saa hizo yuko chini ya msimamizi. Jambo hili la mwisho liandikwe, maana ndilo linalosahaulika upesi.

Funguo ziwe seti tatu angalau, kwa watu watatu wanaoishi nyumba tofauti, na kuwe na daftari la kusaini kila seti inapohama mkono.

4. Pangeni vikao kwa kalenda ya bahari

Bodi nzuri ya kituo cha pwani ina mkulima wa mwani, mvuvi, kijana wa bodaboda, mwalimu, mtu mwenye ulemavu na mzee anayeijua historia ya mahali. Watu saba au tisa wanatosha. Lakini kuwateua ni rahisi kuliko kuwapata kikaoni, na hapo ratiba ndiyo inayoamua.

Chukua mfano wa Mlingotini, ambako kinamama wanalima mwani. Kazi yao iko kwenye maji kupwa, na siku kubwa ni za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo, katika mwambao wetu, maji hukauka kabisa yapata saa nne asubuhi. Ukiitisha kikao saa nne ya siku ya bamvua, mama anachagua kati ya bodi yako na kamba zake zilizojaa mwani, na atakwenda baharini. Baada ya miezi sita mtasema hahudhurii, mtamweka mwingine, na kituo kitakuwa kimempoteza mtu aliyekuwa tayari kukitumikia. Wavuvi wa dagaa nao hutoka usiku wa giza, kwa sababu taa zao zinavuta samaki kukiwa hakuna mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika.

Ukiyaweka pamoja, kikao kinachowafaa wote ni cha alasiri, siku za mwezi mpevu, baada ya swala. Maji yameshajaa, kinamama wamerudi, wavuvi wapo. Kama hamna mvuvi wa dagaa kwenye bodi, siku za maji mafu zinafaa hata asubuhi. Epukeni Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi, na Ramadhani sogezeni kikao au kifupisheni. Katibu aandike tarehe zote za mwaka mapema Januari, akiwa na kalenda ya mwezi mkononi, na azibandike ukutani.

5. Kikao kisizidi saa moja na nusu

Ajenda ile ile itumike kila mara: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya msimamizi, taarifa ya fedha, jambo moja kubwa la kuamuliwa, mengineyo, kufunga. Jambo kubwa liwe moja tu. Nyaraka zake zitumwe siku tatu kabla, na asiyesoma kwa urahisi apitiwe nyumbani asomewe, asifedheheshwe kikaoni.

Mwenyekiti aanze kwa kuwaomba maoni wadogo kwa umri na kinamama, kisha wazee wamalizie. Katika desturi zetu mzee akishasema, kijana hupata tabu kumpinga. Mpangilio huu unalinda heshima ya mzee na wakati huohuo unaipa bodi mawazo yote.

Muhtasari usiandike hotuba. Uandike maazimio, kila moja likiwa na mwenye kulitekeleza na tarehe. Kwa mfano: *Azimio 4. Paa la chumba cha watoto lizibwe kabla ya masika. Wahusika: msimamizi na mweka hazina. Gharama isizidi Sh 180,000. Mwisho: 28 Februari.* Kikao kinachofuata, chini ya yatokanayo, unasoma mstari huo na kuuliza kama paa limezibwa. Jibu ni ndiyo au hapana. Bodi inayofanya hivi kwa mwaka mzima haihitaji semina ya uongozi.

6. Fedha: daftari, benki, ubao

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara wa pwani ni kanuni ya uhasibu iliyokamilika, na inatekelezwa kwa hatua tatu.

Kwanza, kila pesa inayoingia ikatiwe stakabadhi yenye namba. Tuseme ukumbi umekodishwa Jumamosi kwa harusi, Sh 150,000. Mwenye shughuli alipe kwa Lipa Namba ya kituo, au benki, au taslimu kwa stakabadhi. Isiwe kwa simu binafsi ya mweka hazina, hata mara moja. Kama ni taslimu, Jumatatu inapelekwa benki nzima nzima. Kishawishi kitakuja: umeme umeisha Jumapili, na pesa ipo mkononi, kwa nini tusinunue LUKU kwanza? Hayo ndiyo matumizi ya fedha mbichi, na vitabu vingi vya vituo huanza kuharibika hapo. Kwa dharura ndogo wekeni sanduku la Sh 50,000, lenye hati zake, linalojazwa tena kwa hundi baada ya bodi kuona risiti.

Pili, akaunti ya benki iwe na watia saini wanne, na kila malipo yahitaji wawili. Wawili hao wasiwe mume na mke, wala ndugu wa nyumba moja. Kila mwezi taarifa ya benki iletwe kikaoni kama ilivyochapwa, ilinganishwe na kitabu mbele ya wajumbe. Usiridhike kuambiwa salio kwa mdomo. Kuomba kuona si kumtuhumu mtu. Mweka hazina mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi, kwa sababu siku maneno yakianza mtaani, mna ushahidi wa kumtetea.

Tatu, wasomeeni watu mapato na matumizi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ombeni dakika kumi hapo. Na kila mwezi bandikeni kwenye mbao za matangazo karatasi moja yenye herufi kubwa, kwa mfano hivi:

*Mapato: kukodisha ukumbi 300,000, ada za kompyuta 120,000, michango 60,000. Jumla 480,000.*
*Matumizi: mlinzi 150,000, usafi 60,000, umeme 45,000, chaki na madaftari 35,000. Jumla 290,000.*
*Baki: 190,000, ipo benki.*

Mama anayekuja kuchukua mtoto wake anasimama, anasoma, na jioni anawaeleza majirani. Mchango wa mwaka ujao unategemea dakika hiyo kuliko barua yoyote ya kuomba msaada.

7. Posho, nauli na maslahi binafsi

Suala la posho lizungumzwe kikao cha kwanza, waziwazi. Mjumbe anayetoka Makurunge kwa bodaboda hastahili kulipia kujitolea kwake kutoka kwenye chakula cha watoto wake. Rudisheni nauli halisi, kwa kiwango kilichoandikwa, na andaeni chai. Posho ya kikao ni jambo jingine: ikishaanza, vikao vinaongezeka na fedha za watoto zinapungua. Kama kituo kinategemea michango ya wanakijiji, ushauri wangu ni kuikataa kabisa.

Vilevile wekeni daftari la maslahi. Mjumbe anayeuza mchanga, anayemiliki duka la vifaa vya ujenzi, au ambaye mdogo wake anaomba kazi ya ulinzi, aseme kabla jambo halijajadiliwa, kisha atoke nje wakati wa kuamua. Manunuzi ya kiasi mtakachokubaliana yawe na bei za wauzaji watatu. Akishinda mjumbe kwa bei nafuu, muhtasari uonyeshe kwamba hakuwepo chumbani.

8. Usalama wa watoto haukaimishwi

Kituo kinachopokea watoto kinabeba dhamana kubwa kuliko ile ya fedha, na bodi nzima inaibeba. Bagamoyo hupokea pia wageni wanaokuja kujitolea kwa wiki chache. Wakaribishwe vizuri, na wafuate masharti yaleyale ya wenyeji. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa. Picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya mzazi. Kila anayejitolea alete barua ya utambulisho na wadhamini wawili wanaoweza kupigiwa simu.

Ukutani, kwenye urefu wa macho ya mtoto, bandikeni namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto na hupigwa bure. Mjumbe mmoja, ikiwezekana mwanamke, atajwe kwa jina kuwa ndiye wa kupokea malalamiko. Likitokea jambo, lipelekwe ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Lisisuluhishwe kimyakimya kati ya familia mbili kwa kuogopa aibu. Aibu ya kweli ni mtoto kuachwa bila kutetewa.

9. Tumieni majirani mlio nao

Kabla ya kuandika maombi kwa wafadhili wa mbali, orodhesheni walio karibu. Bagamoyo ina TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981; wahitimu wake wanaoishi mjini wanaweza kufundisha ngoma, uigizaji na upigaji ala. Mbegani kuna chuo cha uvuvi, sasa chini ya FETA, chenye wataalamu wa kuhifadhi samaki na ufundi wa vyombo. Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kituo chenu kinaweza kuwa mahali pa kuwaandaa wanavikundi kujaza fomu na kutunza vitabu.

Ukienda kuomba, nenda na ombi dogo lenye tarehe: mwalimu mmoja, Jumamosi nne, saa mbili kila moja. Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa, na likikamilika andikeni barua ya shukrani ndani ya wiki.

10. Pokezaneni uongozi kukiwa shwari

Weka ukomo: miaka mitatu, inayoweza kurudiwa mara moja. Theluthi ya bodi itoke kila mwaka ili wazoefu wabaki kuwafundisha wapya. Makabidhiano yafanyike kwa maandishi: funguo, hati, vitabu, mihuri, neno la siri la barua pepe na la simu ya Lipa Namba. Anayetoka na anayeingia wasaini mbele ya shahidi.

Kwa wanaoona haya kuachia kiti, historia yetu ina mfano. Mwaka 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, ambao wenyewe ulikuwa kituo cha jamii, chama cha TAA kilimchagua Julius Nyerere kuwa rais wake. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa akikiongoza, hakuondoka na mafaili. Alibaki kuwa makamu wa rais. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TAA ikawa TANU. Aliyetoka kwenye kiti aliendelea kukitumikia chama, na chama kikakua kuliko wote wawili.

Anza mwezi huu

Usingoje bodi nzima ikubaliane na kila kitu kilichoandikwa hapa. Kama wewe ni mjumbe, mwezi huu fanya mambo matatu. Omba kuona cheti, katiba na taarifa ya benki. Hakikisha seti ya pili ya funguo imechongwa na iko kwa mtu mwingine. Bandika karatasi ya kwanza ya mapato na matumizi, hata kama ina mistari mitatu tu. Mwezi ujao muite mtoaji wa kiwanja na watoto wake, muandike hati. Robo ijayo simama mbele ya mkutano wa kijiji na uwasomee.

Watu wa pwani hii wana moyo mkubwa wa kutoa: chumba, muda, samaki wa kitoweo cha wageni. Wanachodai kutoka kwetu tulionyanyuliwa mikono ni hesabu iliyo wazi na mlango unaofunguliwa kwa saa yake. Tuwape vyote viwili.